Ukuta mweupe wa Newgrange

Mwongozaji wetu alilitamka jambo lile kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa ya basi kuondoka. Manyunyu ya Ireland yalikuwa yakituangukia, yale ambayo huyahisi mpaka ufike nyumbani ukakamue soksi. Tulikuwa watu ishirini na kitu, tumesimama kwenye nyasi, macho yetu kwenye ukuta mweupe uliozunguka upande wa mbele wa Newgrange, kaburi la kale la mawe. Una kimo cha kama mita 3. Mawe meupe ya kwatzi yanang'aa hata bila jua, na katikati yake yamechomekwa mawe ya kijivu, mviringo, ukubwa wa ngumi na zaidi.

Akasema ukuta huo ulisimamishwa wakati wa kazi ya miaka ya 1960 na 1970, na nyuma yake kuna zege.

Nilikuwa nimeshapiga picha kumi na nne. Ya kwanza nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi la ukoo, na chini yake nimeandika: "Oneni ukuta uliojengwa miaka 5,200 iliyopita."

Simu ikaanza kulia mfukoni. Ndugu walikuwa wanashangilia.

Sikuwajibu siku ile, wala kesho yake. Zimepita wiki tano, na kila nikitoka zamu ya usiku hapa mjini Drogheda, nikipanda basi alfajiri, ukuta ule unanirudia.

## Jicho la binti wa fundi

Baba alikuwa fundi mwashi Muheza. Mimi nilikuwa mshika timazi wake tangu nikiwa darasa la tatu, kwa sababu kaka zangu walikuwa wakitoroka. Jambo moja alilonifundisha bila kulitilia mkazo ni kwamba jiwe la mtoni halishikani na mwenzake. Jiwe lenye kona unaweza kulipanga juu ya jingine likatulia, lakini lililosuguliwa na maji linateleza. Ukitaka kulisimamisha wima lazima ulitie udongo mwingi au saruji, na hata hivyo uombe Mungu.

Ndiyo maana, kama nilivyokuja kujiungamia baadaye, macho yangu yalikuwa yameshaniambia kabla ya mwongozaji. Mawe yale ya kijivu ni graniti, na ni mviringo. Ukuta umenyooka karibu wima. Katikati ya mawe sikuona kitu cha kuyashika. Nilipoyaona nilijisikia kitu kikinigusa tumboni, nikakipuuza. Nilitaka kuamini. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka minne bila kwenda kuona kitu kinachosemwa kuwa na umri mkubwa kuliko piramidi za Giza, na siku niliyokwenda sikutaka kuwa fundi. Nilitaka kuwa mgeni tu.

## Yalivyokutwa

Nisimwonee mtu. Aliyefanya kazi ile alikuwa Michael J. O'Kelly, profesa wa akiolojia wa chuo kikuu cha Cork, na alichimba pale kuanzia 1962 hadi 1975. Hakuamka siku moja akajenga ukuta kwa kuupenda.

Alichokikuta ni tuta kubwa la mawe na udongo, upana wake kama mita 85, limezungukwa na mawe ya ukingo 97, mengine yamechongwa nakshi za mizunguko. Udongo wa tuta ulikuwa umeporomoka ukayafunika mawe hayo. Alipouondoa upande wa mbele, chini yake alikuta tabaka la kwatzi nyeupe na graniti, nene karibu na mawe ya ukingo, jembamba kadiri unavyokwenda nje. Kwatzi ilitoka milima ya Wicklow, zaidi ya kilomita 50 kusini. Graniti ilitoka kaskazini, pande za ghuba ya Dundalk. Kwa hiyo kuna watu waliobeba mawe kutoka pande mbili za nchi, bila gurudumu, wakaja kuyakutanisha mbele ya mlango mmoja.

Kwa nini?

O'Kelly alilisoma tabaka lile kama ukuta ulioanguka. Akajenga kipande cha majaribio kwa mawe ya aina hiyo hiyo, akakiacha kiporomoke, kisha akatazama yalivyolala. Yalilala kama alivyoyakuta kwenye uchimbaji. Hapo ndipo ukuta ukarudishwa juu, na ili usimame ukapewa mgongo wa zege lenye nondo.

Mimi hoja yake naielewa. Naielewa mpaka pale kwenye nondo. Watu wa 3200 KK hawakuwa na zege, na wengi waliokuja baada yake wameuliza swali ambalo baba angeliuliza kabla ya kumaliza chai: huo ukuta wao ulisimama na nini?

## Kilomita moja tu

Kinachonitesa zaidi kiko Knowth. Ni kaburi jingine kubwa, mwendo wa kama kilomita moja kutoka Newgrange, ndani ya bonde lile lile la mto Boyne. Nilikwenda wiki mbili baadaye, peke yangu, siku ya mapumziko.

Mwanaakiolojia George Eogan alianza kuchimba Knowth mwaka ule ule, 1962. Naye mbele ya mlango alikuta kwatzi nyeupe na mawe ya graniti. Aliyaacha chini.

Ukisimama pale leo unayaona yametandazwa ardhini mbele ya mlango wa mashariki, kama uwanja au jamvi. Nilichuchumaa nikayatazama kwa karibu. Kwatzi ikilowa haiwi nyeupe tupu. Ina mishipa ya rangi ya kutu, na kwenye mvunjiko wake kuna vijiupande vidogo kama chumvi ya mawe. Jiwe moja lilikuwa na kona kali sana, na pembeni yake graniti imelala laini kama yai. Hakuna lililokuwa juu ya jingine.

Watu wawili wanaojua kazi yao, mawe ya aina moja, bonde moja, mwaka mmoja wa kuanza. Mmoja akaona ukuta ulioanguka. Mwingine akaona sakafu ambayo haikuwahi kusimama.

Knowth nako zege lipo, tena la kutosha, nisije nikaleta picha ya usafi usiokuwepo. Lakini mawe yale meupe yameachwa yakiwa bado ni swali. Newgrange mgeni anafika akakuta jibu limeshapigwa nondo. Mimi ningechagua ya Eogan, na nasema hivi nikijua kwamba picha zangu kumi na nne zote nilipiga Newgrange, na kwamba Knowth sikutuma kwa ndugu hata moja. Mawe yaliyolala chini hayapigiki picha vizuri.

## Ndani

Turudi siku ile ya kwanza, kwa sababu baada ya ukuta tuliingia ndani, na ndani mambo yalinigeuka tena.

Kwanza mlango. Jiwe kubwa lenye nakshi za mizunguko limelala mbele yake, na wa kale walilazimika kulipanda ili kuingia. Sisi tulipita kwenye ngazi pembeni. Pande zote mbili za mlango ukuta mweupe unakatika na kuingia ndani kwa mkunjo, na hapo mawe ni meusi. Sehemu hiyo imejengwa hivyo kwa ajili ya wageni, na imewekwa rangi tofauti ili mtu asidhani ni ya kale. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko walivyosimama wenzangu. Fundi aliyepanga mawe yale meusi alikuwa anasema waziwazi kwamba hapa ni kazi yetu ya leo. Ningependa na ukuta mweupe ungesema hivyo.

Njia ya ndani ina urefu wa mita 19. Unapita kwa ubavu mahali pengine. Mawe ya kando yalikuwa yameegemeana, na O'Kelly aliyanyoosha, akajenga juu yake handaki la zege kubeba uzito wa tuta. Bila handaki hilo sidhani kama mimi ningeruhusiwa kupita.

Kisha unafika kwenye chumba.

Paa lake halijajengwa upya. Mawe yamepandana duara juu ya duara, kila duara likijitokeza ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka juu, mita 6 hivi, ambako jiwe moja limefunika yote. Hakuna saruji. Kwenye migongo ya mawe ya paa waliochonga walitia vijifereji vya kupitisha maji, na kwenye nafasi za kati wakashindilia udongo uliochomwa na mchanga wa baharini. Udongo ule uliochomwa ndio uliosaidia kupima umri wa kaburi. Na kazi yake bado inafanya. Nje manyunyu yalikuwa yanaendelea, ndani niliweka kiganja hewani chini ya paa, kitu cha kitoto, nikangoja tone.

Halikuja.

Nilimkumbuka baba, aliyerudia paa la zege la choo cha shule mara tatu kwa kuvuja, na nikatamani angekuwa pale.

## Dakika 17

Wakazima taa. Giza la pale ni zito, mtu anapumua karibu yako humwoni. Halafu wakawasha taa moja ya umeme kutoka upande wa mlango, kutuonyesha jinsi jua linavyoingia siku zile fupi za Desemba.

Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe. O'Kelly alikuwa amesikia kwa watu masimulizi kwamba jua likichomoza huwa linaingia ndani mpaka nyuma, lakini hakuyatia maanani mpaka alipokifungua kidirisha hicho kilichokuwa kimefunikwa. Tarehe 21 Desemba 1967 aliingia akakaa chumbani. Jua lilichomoza, na dakika nne baadaye mstari mwembamba wa mwanga ukapita kidirishani, ukafuata njia yote, ukafika sakafu ya chumba. Ukapanuka mpaka sentimita 17. Baada ya dakika 17 ukakatika.

Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2016 mwanaakiolojia mmoja wa hapa hapa alidai kidirisha chenyewe ni cha enzi za O'Kelly, kwamba hakina umri wa kuzidi miaka hamsini. Nilipoisoma habari ile nilikuwa kwenye basi. Niliifunga simu. Nilisema moyoni, basi kama na hiki nacho kimejengwa juzi, sirudi tena pale.

Wengine walimjibu. Jiwe lenye nakshi linalofunika kidirisha lilikuwa limeshaonwa na watu katika karne ya 19, likichungulia juu ya udongo, kabla O'Kelly hajazaliwa. Kulikuwa na mawe mawili ya kwatzi yaliyotumika kuziba uwazi, na chini yake jiwe lina mikwaruzo ya kusukumwa na kuvutwa, kusukumwa na kuvutwa. Mwaka 1974 mtafiti Jon Patrick alipima mwelekeo wote akaonyesha kwamba jua lingeingia tangu kaburi linajengwa, na kwamba si jambo la bahati. Enzi hizo, kwa sababu mhimili wa dunia umebadilika kidogo, mwanga ungeingia jua linapochomoza tu, na kufika mpaka nyuma kabisa.

Mikwaruzo ile ndiyo iliyonirudisha. Mtu hasukumi jiwe mara nyingi hivyo kwa ajili ya kitu asichokijali.

Lakini hata hapo kuna fundo halifunguki. O'Kelly aliyafungua mawe ya njia akayarudisha. Mwanga wanaouona leo wachache wenye bahati ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu kila Desemba unapita kwenye mpango wa kale na kwenye mikono yake pia. Huwezi kuvitenganisha.

## Waliopita kabla yake

Nilipoanza kutafuta kaburi "halisi", lile lisiloguswa, sikulipata mahali.

Watu waliokuja miaka mia kadhaa baada ya wajenzi waliwasha moto wao na kusimika nguzo zao pembeni. Baadaye sana, enzi za Roma, kuna waliokuja kuacha sarafu na dhahabu karibu na mlango, ingawa Roma haikuwahi kuitawala Ireland. Mwaka 1142 watawa walianzisha abasia ya Mellifont jirani, eneo likawa shamba lao, na ndiko neno "grange" lilikotoka: jina tunalolitumia leo ni la shamba la watawa. Mwaka 1699 mwenye ardhi, Charles Campbell, alituma vibarua wachukue mawe ya barabara kutoka kwenye tuta, na ndivyo mlango ulivyoonekana. Wageni wa karne zilizofuata wakachonga majina yao chumbani. Niliyaona, karibu na nakshi za wenyewe.

Wasomi nao wakaja na ubadilishaji wa aina yao. Mmoja akasema wamejenga watu wa Denmark, mwingine akasema Wafoinike. Yeyote, ilimradi si watu wa hapa. Sisi tuliosomeshwa kwamba kila ukuta wa mawe pwani yetu ulijengwa na mtu aliyeshuka kwenye jahazi, hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo.

Huko Knowth wafalme wa Brega wa kaskazini, ufalme wa zamani wa eneo hilo, waliishi juu ya kaburi, wakachimba mahandaki, na kuna walioingia mpaka ndani wakachanja majina yao kwenye mawe.

Na kuna Dowth. Kaburi la tatu kubwa, bila basi la watalii, bila ukuta. Nililiendea kwa miguu kutoka barabarani, nikapanda tuta. Juu kuna shimo kubwa kama kreta, majani yameota ndani, kondoo wanakula pembeni. Shimo hilo liliachwa na uchimbaji wa miaka ya 1840. Walichimba kutoka juu kutafuta chumba, wakaondoka.

Nilikaa ukingoni mwa shimo lile muda mrefu. Hakuna aliyeandika vya kutosha nini kilikuwa juu ya nini. Kama pale palikuwa na jibu, liliondoka na machepeo.

Hapo ndipo hasira yangu kwa O'Kelly ilipoanza kulegea. Wanaompinga wanampinga kwa kitu gani? Kwa michoro yake, na vipimo vyake vya unene wa kwatzi kutoka kwenye mawe ya ukingo kwenda nje, tabaka kwa tabaka. Mke wake, Claire, alizichora nakshi za mawe moja moja. Mtu anayesema leo kwamba ukuta ule haukuwahi kuwepo anafungua kazi ya aliyeujenga, anaiweka mezani, na kutoka humo humo anatoa ushahidi. Dowth huwezi kumpinga mtu, kwa maana hakuna cha kushika.

Ukuta bado siupendi. Nikiulizwa nitasema ulazwe chini. Lakini alipoukosea, kama aliukosea, alituachia njia ya kulijua kosa lake.

## Bibi

Kuna jambo nililolikwepa tangu mwanzo wa makala hii. Kundi la ukoo nililotuma ile picha ndilo hilo hilo ambalo tangu Januari linachangisha fedha za kujengea kaburi la bibi yetu. Liko nyuma ya nyumba, chini ya mnazi. Baba alilizungushia mawe mwenyewe mwaka 1998, mawe ya kuokota, akayapaka chokaa, na kichwani akasimika msalaba wa mti wa mvule. Vijana wanataka zege na marumaru. Mimi nilikuwa nimegoma kuchanga.

"Dada, sisi tunataka kumstiri bibi," mdogo wangu aliandika. "Nyasi zinamla. Wewe uko mbali, huoni."

Ni kweli sioni. Msalaba umeoza, ng'ombe wa jirani wameangusha mawe ya upande wa kusini, na mvua za mwaka jana zimebomoa ukingo. Niliyokuwa nayatetea ni mawe ya kichwani mwangu.

Juzi nilimpigia. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa ile picha, nikamweleza ukuta ni wa nani. Alicheka, kisha akanyamaza, akauliza kama paa la ndani kweli halivuji. Nikamwambia halivuji.

Fedha nimetuma. Nimemwomba kabla fundi hajaja aende asubuhi, jua likiwa upande, apige picha kila jiwe la baba mahali lilipo, hata yale yaliyoangushwa na ng'ombe, asiyarudishe kwanza. Apime kwa futi kutoka mnazi mpaka jiwe la kichwa, na kutoka jiwe hadi jiwe, aandike kwenye daftari.

Jana amenitumia picha ya kwanza. Jiwe la pembeni, chokaa imebaki kwenye vishimo tu, na juu yake alama ya vidole vinne vya mtu aliyeligusa chokaa ikiwa bado mbichi.